Dani Aliniuliza: "Sasa Tungejuaje Nani Amekufa?"

Mwaka jana nilitengeneza video ya dakika mbili nikaiita Sauti ya Kenya "kasuku wa serikali". Manze, ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Wasee wa Kondele wakanisimamisha njiani kunipongeza. Nikajibeba mpaka Asembo kumwonyesha dani yangu. Akaitazama hadi mwisho, akanirudishia simu, akasema: "Nyakwara, sasa sisi tungejuaje nani amekufa?"

Nilicheka. Lakini hilo swali lilikataa kuniacha.

Kwanza niseme, sikuwa nimedanganya. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya masetla. Sisi tulikuja kukumbukwa baadaye, na kufikia miaka ya 1950 kulikuwa na matangazo kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu na lugha nyingine. Halafu 1964 serikali ya Kenyatta ikalichukua shirika zima, likawa Sauti ya Kenya chini ya wizara. Mtangazaji akawa mfanyakazi wa serikali kama karani yeyote. Nani angebisha?

Hapa Kisumu hiyo kitu ilikuwa na uzito wake. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali ambayo mpaka leo wazee wanaiita Russia. Akarushiana maneno na watu wa Odinga, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku. Sasa fikiria uko Nyalenda na redio yako, na stesheni pekee ya nchi ni mali ya serikali hiyo hiyo.

Na kama unadhani ni redio tu, kumbuka 1982. Jumapili ya Agosti mosi wanajeshi wa anga waliotaka kumpindua Moi waliiteka stesheni Nairobi. Wakamleta Leonard Mambo Mbotela, yule wa "Je, Huu ni Ungwana?", wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Siku hiyo hiyo, wanajeshi watiifu walipoikomboa stesheni, sauti ile ile ikaambia nchi kwamba Moi bado yupo. Buda, mtu mmoja, maikrofoni moja, serikali mbili kwa siku moja! Mbotela alifariki Februari 2025, na nusu ya watu wa umri wangu walimjua siku hiyo kupitia klipu.

Hayo yote yalikuwa kwenye video yangu. Kile sikuwa nacho ni kile dani alikuwa akisikiliza.

Anasema taarifa ya habari waliiacha ipite tu. Mtukufu Rais amefanya hivi, Mtukufu Rais amesema vile, huku yeye anapepeta mahindi. Betri zikichoka zilianikwa juani kama omena ili zipate nguvu kidogo, na hizo nguvu hazikuwa za kupotezea mawaziri. Zilikuwa za mpira (1987 Gor Mahia walipotoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi wakabeba kombe la Afrika, anasema boma lote lilikuwa limekaa chini ya mwembe) na zilikuwa za matangazo ya vifo kwa Kijaluo. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Jina la marehemu, baba yake, wake zake, ndugu, wakwe, mwanawe anayefanya kazi Mombasa. Mtu wa Mombasa akisikia jina lake, anafunga mkoba.

Tangazo lilikuwa na nguvu kiasi cha kupiganiwa. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi, Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka azikwe Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kabla mahakama haijaamua chochote, pande zote mbili zilikuwa zimekimbilia Sauti ya Kenya na matangazo yanayopingana kuhusu mazishi yale yale. Marehemu alingoja siku 154. Mwishowe ukoo ukashinda kesi.

Kwa hivyo ndiyo, alikuwa kasuku wa serikali. Lakini watu wa ziwa walikuwa wamemfundisha maneno yao pia, na hilo mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nasaka tu maneno ya wakubwa.

Siku hizi tuko na stesheni kibao. Sauti ya Kenya ilirudia jina la KBC 1989, redio za watu binafsi zikaanza kuingia miaka ya 1990, na leo dani ana Ramogi na Mayienga za kuchagua. Sasa wacha niseme kile sikusema kwenye video. Mwaka juzi kakake dani alifariki. Vijana wa familia tukaona tangazo la redio ni gharama ya bure, grupu ya WhatsApp si ipo? Dani ana mulika mwizi. Kila mtu alidhani mwingine amempigia. Alijua siku tatu baada ya mazishi, kutoka kwa mama wa kuuza samaki. Mimi nilikuwa kwenye hiyo grupu. Nilikuwa nimeizima sauti.

Mwezi ujao kuna ibada ya kumkumbuka. Nimepewa kazi ya kupeleka tangazo redioni, kwa hivyo jana nilikaa na dani na karatasi, anataja majina, mimi naandika. Ukurasa mmoja ukajaa. Nikamwambia wanalipisha kwa maneno, tupunguze kidogo.

"Andika," akasema. "Bado hujaweka shemeji yake wa Rusinga."