Mfalme Aliyepanda Punda
Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, Kibuye

Hili ndilo kanisa la Askofu Mkuu wa Kisumu. Kazi ya Wakatoliki ukanda huu wa ziwa ilianzishwa na wamisionari wa Mill Hill. Mwaka 1925 iliundwa Prefektura ya Kavirondo, eneo la kimisheni lililokuja kuitwa Kisumu. Kisumu ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1990.

Jumapili ya Matawi
Wiki moja kabla ya Pasaka, padri aliyevaa mavazi mekundu hubariki matawi nje ya kanisa. Injili husomwa, kisha waumini huingia kwa maandamano, wakikumbuka siku Yesu alipoingia Yerusalemu.

Kwa nini punda?
Nabii Zekaria (9:9–10) alitabiri mfalme mnyenyekevu, mwenye kupanda punda, atakayekomesha magari na farasi wa vita. Mathayo (21:1–11) anasema utabiri huo ulitimia kwa Yesu. Wengi walimtazamia Masihi wa kuwang'oa Warumi. Yesu alikuja bila jeshi. Wakristo humwona pia katika mtumishi anayeteseka wa Isaya 53.

Usomaji wa Wayahudi
Maandiko ya Zekaria na Isaya ni ya Wayahudi kwanza. Wengi wao husoma mtumishi wa Isaya kuwa taifa la Israeli, na bado wanamngoja Masihi.

Matawi huenda wapi?
Waumini huyahifadhi nyumbani. Mwaka unaofuata huchomwa, na majivu yake hupakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima.