Lenzi ya Petzval na Picha za Nyuso Zetu

Wasomaji wetu, ni nyumba gani isiyokuwa na picha ukutani? Hapa baba na mama siku ya ndoa yao, pale mtoto wa Komunyo ya kwanza na mshumaa mkononi, na katikati babu aliyekwisha kufa, ambaye wajukuu wanamjua kwa sura hiyo tu. Mgeni akitazama picha hizo husema juu ya moja: «Ndiye yeye kabisa,» na juu ya nyingine: «Hapana, huyu hakufanana hivi.» Mafundi wa picha wanaijua sababu ya tofauti hiyo, nao wamekuwa wakifundishana kwa muda wa miaka zaidi ya 180. Leo tunapenda kusimulia ujuzi huo ulitoka wapi, nani aliutoa kwa moyo, na nani aliufungia sandukuni.

Tarehe 19 Agosti 1839, mjini Paris, ufundi wa Louis Daguerre ulielezwa wazi mbele ya wataalamu. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeununua. Ilimpa Daguerre franka 6000 kila mwaka, na mwana wa marehemu Niépce, mwenzake wa kazi, franka 4000, kisha ikautoa bure kwa mataifa yote. Ni jambo la kusifiwa. Lakini siku 5 kabla yake, wakili wa Daguerre alikuwa amekwisha kuandikisha haki ya ufundi huo katika Uingereza, hata Waingereza wakatakiwa kulipa. Zawadi ile iliyotolewa kwa dunia nzima ilikomea pwani ya Ufaransa.

Picha zenyewe zilikuwa nzuri ajabu: nyumba, mawe, madirisha, hata tofali moja moja lilionekana. Lakini watu hawakuonekana. Lenzi, yaani kioo kile cha mbele ya kamera, ilipitisha mwanga kidogo sana, na bamba la shaba lenye fedha juu yake lilihitaji dakika nyingi ili lishike sura. Daguerre alipiga picha ya barabara moja kubwa ya Paris katika mwaka 1838. Njia ile ilijaa farasi na watu, lakini katika picha ni kama mji uliohamwa. Anaonekana wazi mtu mmoja tu, kwa sababu alisimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Wengine wote walipita, na bamba halikuwashika.

Basi mtu aliyetaka picha ya uso wake ilimpasa kukaa juani bila kutikisika. Wapiga picha waliweka nyuma ya kichwa chuma chenye matawi mawili, ili shingo isiyumbe. Ndiyo sababu wazee wa picha za zamani wana macho makali na midomo iliyobanwa, kama watu wanaongoja kuhukumiwa. Usidhani walikuwa wakali wote. Jaribu wewe mwenyewe kushika tabasamu kwa dakika mbili, utaona.

Msaada ulitoka Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha huko, Andreas von Ettingshausen, alikuwa Paris katika mwaka 1839 na kuona kazi ya Daguerre. Aliporudi alimweleza rafiki yake Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu, kwamba ufundi ule unakwama kwa sababu ya lenzi. Tuangalie vema jambo hili: yule aliyeona shida hakuifanya siri, aliipeleka kwa mtu aliyeweza kuitatua. Petzval hakuwa mpiga picha. Alizaliwa mwaka 1807 katika nchi iitwayo leo Slovakia, na chombo chake kilikuwa karatasi na kalamu. Mpaka siku zile mafundi wa vioo walifanya kazi kwa kujaribu tu: husugua kioo, hutazama, husugua tena. Petzval alitaka kuihesabu njia ya mwanga kwanza, ndipo kioo kikatwe. Hesabu zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, akapewa askari wa mizinga waliozoea kupiga hesabu za risasi. Tunapenda kuwaza askari wale, waliofundishwa namna ya kubomoa kuta, sasa wakiinamia meza ili mama fulani apate picha ya mtoto wake.

Katika mwaka 1840 lenzi ikawa tayari. Ilikuwa na vioo 4, na tundu lake lilikuwa pana, hata ikapitisha mwanga zaidi ya mara 10 kuliko lenzi za mwanzo. Muda wa kukaa ukashuka chini ya dakika moja. Lenzi hiyo ilikuwa na kasoro: ilichora vizuri katikati tu, na kando ya picha kila kitu kilififia na kuzunguka kama maji ya kisima kilichokorogwa. Kwa picha ya nyumba ni ubaya, lakini kwa picha ya uso, kumbe, ilikuwa baraka. Uso uko katikati, macho yanaonekana wazi, na vurugu za nyuma zinajificha. Hata leo simu za mkononi zina hesabu za kufifisha nyuma ya mtu kwa makusudi, kuiga jambo ambalo lenzi za namna hii zililifanya zenyewe.

Fundi aliyeitengeneza ni Friedrich Voigtländer. Alimlipa Petzval gulden 2000 mara moja tu, kisha akauza lenzi hizo katika nchi nyingi akatajirika. Mafundi wengine nao wakaiga, kwa sababu haki haikulindwa nje ya Austria. Petzval akajiona ameibiwa, na urafiki ukageuka kuwa ugomvi mrefu. Katika mwaka 1849 Voigtländer alifungua karakana nyingine mjini Braunschweig, Ujerumani. Mwaka 1859 wezi waliingia nyumbani kwa Petzval, na maandishi yake ya miaka mingi juu ya vioo yakaharibika. Hakuyaandika upya. Alijitenga na watu, akafa mwaka 1891. Wanaomjua husema alikuwa mtu wa ubishi, naye hakuwa mwepesi wa kusamehe. Tunakubali. Lakini hata mtu mbishi anastahili ujira wake, na elimu aliyoifungia moyoni kwa uchungu ilikuwa hasara ya watu wasiomkosea lolote.

Sasa tuangalie mtu wa namna nyingine. Huko Uingereza, William Henry Fox Talbot alikuwa amegundua njia ya kupata picha nyingi juu ya karatasi kutokana na picha moja, na tangu mwaka 1841 aliilinda kwa sheria. Mtu akitaka kuitumia kwa biashara, ilimbidi alipe. Katika mwezi wa Machi 1851, Frederick Scott Archer, mchongaji wa sanamu, alitangaza gazetini njia mpya: kupaka kioo dawa iitwayo kolodioni na kupiga picha ingali mbichi. Njia hiyo ilikuwa ya upesi kuliko karatasi ya Talbot, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko bamba la Daguerre. Archer hakuandikisha haki yoyote. Alieleza vipimo na hatua zote, kila mtu asome afanye. Talbot akadai kwamba hata njia hiyo ni mali yake, akampeleka mahakamani mpiga picha aitwaye Laroche. Katika Desemba 1854 Talbot akashindwa, na njia ikawa wazi kwa wote.

Na Archer? Alikufa katika Mei 1857, maskini. Wapiga picha walichanga fedha kwa ajili ya mkewe na watoto, lakini mama naye akafa mwaka uliofuata. Serikali ikawapa yatima watatu paundi 50 kwa mwaka, ikikiri kwamba baba yao hakupata faida yoyote kwa uvumbuzi uliowatajirisha wengi. Studio za miji mikubwa zilikuwa zimejaa wateja kwa kazi yake. Hatuna neno zuri la kufunika jambo hilo.

Tangu hapo wapiga picha walianza kukutana na kuandikiana. Chama cha London kilianzishwa mwaka 1853, cha Ufaransa mwaka 1854, na magazeti yao yakajaa mashauri: lenzi ipi, dirisha lielekee wapi, dawa ichanganywe vipi. Si kila shauri lilikuwa jema. Bibi Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake katika Desemba 1863, alipokuwa na umri wa miaka 48. Mabwana wa chama walimlaumu kwamba picha zake zimefifia, na kwamba hajui kurekebisha lenzi. Yeye alijibu kwamba husimama pale macho yake yanapoona uzuri. Alipokea shauri la mchoraji David Wilkie Wynfield, aliyekuwa akipiga picha za vichwa kwa karibu, na akamshukuru waziwazi. Leo picha yake ya mzee John Herschel, ya mwaka 1867, nywele nyeupe zimesimama kama moshi, inajulikana kuliko kazi za wengi waliomcheka.

Katika mashauri yote hayo, lile tunaloliona kuwa kubwa halihusu bei ya lenzi, bali mahali pa kusimama. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni kama sentimetri 12. Mpiga picha akisimama sentimetri 40 mbele ya pua, sikio liko sentimetri 52. Basi pua huonekana imekuzwa karibu sehemu 30 katika 100 kupita sikio. Akirudi nyuma mpaka metre 2, tofauti hubaki sehemu 6 tu, na jicho letu haliioni. Ndiyo sababu wenye kamera za filamu ya milimetri 35 walichagua lenzi ya milimetri 85 au 100 kwa nyuso: inawawezesha kusimama mbali na bado kujaza picha. Na ndiyo sababu mtu anayejipiga kwa simu, mkono umenyoshwa, huona pua isiyo yake. Simu haikudanganya. Ilisimama karibu mno.

Shauri jingine vitabu vya Ulaya havikulisema, maana havikuandikwa kwa ajili yetu. Kipimo cha mwanga katika kamera hudhani kila kitu ni cha rangi ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe juani, kipimo hutazama ukuta, na uso hutoka kama kivuli kisicho na macho. Filamu za rangi nazo zilisawazishwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na nyuso zetu zikapotea ndani ya weusi. Fundi wa kwetu alijifunza kwa mwenzake: mtoe mtu juani, mweke kwenye kivuli cha baraza, mgeuze kidogo mwanga uje kando, upime uso wala si ukuta.

Afrika ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alinunua kamera mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe, akawa mpiga picha mashuhuri wa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Na mjini Bamako, katika Mali ya leo, alikuwako Seydou Keïta. Alikuwa seremala kama baba yake. Katika mwaka 1935 mjomba wake alirudi safari na kumletea kamera ndogo ya Kodak. Alifundishwa kusafisha picha na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule, aliyemfungulia chumba chake cha giza bila kuogopa kwamba kesho mwanafunzi atamnyang'anya wateja. Mwaka 1948 Keïta alifungua studio uani kwake. Alipenda mwanga wa jua kuliko taa, akawageuza watu upande kidogo, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mtu, maana filamu ilikuwa ghali. Mteja asiye na saa aliazimwa saa, asiye na koti alivikwa koti la studio.

Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani lenye nyuzi za kuning'inia. Lilipochakaa akaweka jingine lenye maua, kisha jingine tena. Miaka mingi baadaye, picha zake zilipotafutwa na watu wa Paris na New York, walimwuliza hii ni ya mwaka gani na ile ya mwaka gani. Keïta alitazama nyuma ya mtu, kwenye kitambaa, akawajibu.