Ketoni za kunywa: mtoto wako anazihitaji?

Mama, kijana wako wa hapa Kidichi amerudi kutoka mpirani na anakuomba pesa. Ameona kwenye simu kinywaji cha ketoni kinachosifiwa kuwa kinaongeza pumzi. Kabla hujatoa pesa, soma haya.

Ketoni ni nini?
Ini hutengeneza ketoni kutokana na mafuta ya mwilini pale sukari inapopungua. Hutokea usiku tukiwa tumelala, na zaidi tunapofunga Ramadhani. Kwa mtu mzima mwenye afya huo si ugonjwa. Ubongo, moyo na misuli huzitumia kama akiba.

Kinywaji hufanya nini mwilini?
Hupandisha ketoni kwenye damu kwa saa chache, hata kama mtu ameshakula. Huweza kupunguza njaa na kushusha sukari kidogo. Wengine hupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kuharisha. Vile vinavyotengenezwa kwa chumvi za ketoni huwa na sodiamu nyingi, jambo baya kwa mwenye presha.

Je, huongeza nguvu?
Mwaka 2016, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford ulionesha waendesha baiskeli wakienda mbali zaidi kwa takriban asilimia 2. Mwaka 2017, utafiti mwingine ulionesha kinyume: waendesha baiskeli wa kulipwa walipungua kasi na matumbo yaliwasumbua. Tafiti nyingi zilizofuata hazikuona faida. Tena walionyweshwa ni watu wazima, si watoto wa skuli.

Mpe nini badala yake?
Muhogo, viazi vitamu au ndizi saa chache kabla ya mchezo. Maji ya kutosha. Kisha wali kwa maharage au samaki. Na alale vizuri.

Nani asitumie?
Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kisukari wasitumie bila ushauri wa daktari.

Ketoni zinapokuwa hatari
Mtoto mwenye kisukari anapokosa insulini, ketoni hujaa na damu huwa na asidi. Hali hii huua. Wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza kuwa mtoto ana kisukari. Angalia:

- kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au kuanza tena kukojoa kitandani
- kukonda haraka
- kutapika na maumivu ya tumbo
- kupumua kwa haraka na kwa kina
- pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno
- usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa

Ukiziona, usisubiri kupambazuke, wala usidhani ni minyoo au malaria tu. Mpeleke hospitali mara moja na uombe apimwe sukari na ketoni. Kama tayari anatumia insulini, usimkatishe hata kama hali chakula. Zungumza na daktari wake siku hiyo hiyo.