Mami Wata

Mami Wata ni pepo wa maji anayeabudiwa, kuogopwa na kuchorwa katika nchi nyingi za Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Mara nyingi huelezwa kuwa mwanamke mzuri, mweupe wa ngozi, mwenye nywele ndefu, ambaye kuanzia kiunoni ni samaki, au ambaye amezungukwa na nyoka mwilini. Jina lake ni la pijini ya pwani ya Afrika Magharibi, kwa maana ya "Mama Maji". Chini ya jina hilo wamekusanywa pepo wengi wa mito, maziwa na bahari ambao kila jamii ilikuwa nao tangu kale. Kinachowaunganisha ni sura iliyotoka ng'ambo, pamoja na imani kwamba utajiri wa Mami Wata hauji bure: anayeupokea hulipa kwa ndoa yake, kwa kizazi chake au kwa uhai wa ndugu zake.

Asichanganywe na nguva, mnyama anyonyeshaye wa Bahari ya Hindi, wala na majini wa pwani ya Waswahili, ingawa majini nao husimuliwa kuwa humtajirisha mtu kwa masharti.

Asili ya sura yake

Imani ya pepo wa maji katika eneo hilo ni kongwe kuliko jina la Mami Wata. Wayoruba wana Yemoja wa mto Ogun, Wabini wana Olokun mwenye bahari, na Waigbo wa Oguta wana bibi wa ziwa lao, Uhammiri. Nguva wa hadithi za Kizungu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, aliingia na merikebu za Wareno. Kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, mafundi wa Kisapi katika Sierra Leone ya leo waliwachongea Wareno vyombo vya chumvi vya pembe za ndovu, na baadhi ya vyombo hivyo vina mchoro wa nguva.

Sura ya mwanamke wa nyoka ilitoka Hamburg, Ujerumani. Katika miaka ya 1880, matbaa ya Adolph Friedländer ilichapa picha ya rangi ya mwanamke aliyekuwa akifanya maonyesho ya kucheza na nyoka. Picha ilivuka bahari upesi: fotografia iliyopigwa Bonny, katika delta ya mto Niger, mwaka 1901, inaonyesha kinyago cha kuvaliwa kichwani kilichochongwa kwa kuiiga. Mwaka 1955, kampuni ya Shree Ram Calendar ya Bombay ilichapa nakala 12,000 za picha hiyo kwa oda ya wafanyabiashara wa Kumasi, na sura ile ikazidi kuenea masokoni.

Kutoka India zilikuja pia picha za miungu ya Kihindu. Waumini wa Togo na Benin waliziweka madhabahuni, wakizitambua kuwa za pepo wao wenyewe. Dattatreya, mwenye vichwa vitatu, akawa Densu, pepo wa kiume wa maji. Mtafiti Henry John Drewal, aliyeandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Mami Wata katika Jumba la Makumbusho la Fowler mjini Los Angeles mwaka 2008, ameonyesha kwamba waumini hawakuiga ovyo. Vitambaa, bunduki, shanga na wageni wenyewe vilifika kwa njia ya bahari, kwa hiyo mwenye bahari alistahili kuwa na sura ya kigeni na kupenda vitu vya kigeni.

Ibada

Rangi zake ni nyekundu na nyeupe. Madhabahuni huwekewa kioo, kichana, poda, manukato, miwani ya jua na soda tamu. Mtu hasemi tu kwamba ameamua kumtumikia. Huanza kwa kuota maji mara kwa mara, au kwa maradhi yasiyopona na ugumba, kisha mganga hupiga ramli na kumwambia kwamba ameitwa. Katika dini ya Vodun ya Togo na Benin, aliyeingizwa katika ibada huitwa mamisi, yaani mke wa Mami, na wengi wao ni wanawake. Wapo wanaopata heshima kubwa kama makuhani na waganga.

Kwa Waigbo wa Oguta, bibi wa ziwa humpa mwanamke uzuri na biashara yenye kushika, lakini si lazima ampe watoto. Flora Nwapa, aliyezaliwa Oguta, aliijenga riwaya yake ya Efuru (1966) juu ya imani hiyo: mhusika wake mkuu ana mali na sifa njema, na bado jamii inamwuliza mtoto yuko wapi.

Mamba muntu wa Katanga

Katika Kongo, hasa Katanga, Kiswahili cha huko humwita mamba muntu, yaani mtu mamba. Wachoraji wa Lubumbashi na miji mingine ya migodi walimchora kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, na picha zilitundikwa sebuleni. Ukutani picha yake iliweza kukaa karibu na ile iitwayo "Colonie belge", ambamo askari wa serikali ya kikoloni anamcharaza mfungwa viboko. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walichapisha utafiti juu ya michoro hiyo mwaka 1976.

Kisa kinachosimuliwa huanzia kando ya maji. Mwanamume anapata kichana au nywele za mamba muntu. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni akidai chake, na mwanamume anataka fedha kwanza. Wanapatana: atatajirika, lakini atunze siri na asiwe na mwanamke mwingine. Akivunja ahadi, mali huyeyuka au mwenyewe hufa. Katika masimulizi mengine, ndugu zake huanza kufa mmoja mmoja. Watafiti wameihusisha michoro hii na maisha ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa chini ya Mobutu, ambako mshahara haukumtajirisha mtu na waliotajirika ghafla hawakukosekana. Jirani aliyejenga ghorofa aliwaacha watu wakijiuliza nani amelipia.

Ng'ambo ya Atlantiki

Waafrika waliopelekwa utumwani walivuka na pepo wao. Nchini Haiti, Lasirèn ni nguva wa Vodou mwenye kioo na kichana, mke wa Agwe, mtawala wa bahari. Yemoja amekuwa Iemanjá nchini Brazil. Kila tarehe 2 Februari, wavuvi wa Rio Vermelho mjini Salvador humpelekea maua, manukato na vioo baharini. Katika Jamhuri ya Dominika, picha ya Hamburg inaheshimiwa kama Santa Marta la Dominadora.

Upinzani wa makanisa

Wahubiri wa Kipentekoste humhesabu Mami Wata kuwa shetani. Ushuhuda wa Mnigeria Emmanuel Eni, uliochapwa mwaka 1987, unaeleza maisha yake katika utumishi wa malkia wa chini ya bahari kabla ya kuokoka, na kitabu hicho kilisomwa katika nchi nyingi za Afrika. Mahubiri ya namna hiyo hayakanushi kwamba yupo, ila yanambadilishia cheo. Kioo, nywele za bandia na manukato, vilivyokuwa sadaka, vinatajwa kuwa mitego.

Katika filamu

Mwaka 2023 mwongozaji wa Nigeria C.J. Obasi alitoa filamu Mami Wata, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe pekee. Mpiga picha wake, Lílis Soares wa Brazil, alipata tuzo katika tamasha la Sundance. Filamu inasimulia kijiji cha Iyi, kinachomtolea sadaka mpatanishi wa Mami Wata lakini hakina shule wala hospitali. Maradhi yanapoua mtoto, wanakijiji wanadai hesabu. Katika masimulizi ya zamani pepo ndiye aliyemhoji binadamu juu ya ahadi yake. Hapa binadamu ndio wanaouliza sadaka zao zimewaletea nini.