Wazazi wa Edgewood na Kesi ya Skuli

Ukiona skuli ya mtaani kwenu paa linavuja na watoto wamebanana watatu dawati moja, wa kwanza kulaumiwa huwa ni nani? Mwalimu mkuu, bila shaka. "Pesa amekula huyo." Mimi nimekua nikiyasikia maneno hayo. Basi twende San Antonio, jimbo la Texas kule Marekani, mwaka 1968, kwa wazazi ambao nao walianzia hapo hapo.

Mtaa wao ukiitwa Edgewood, na wengi walikuwa watu wenye asili ya Mexico, wa kipato cha chini. Mmoja wao ni Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly. Wanawe walisoma kwenye jengo bovu, hata popo walikuwa wakiishi humo. Mwezi wa Mei wanafunzi kama 400 wa sekondari walitoka madarasani, wakaandamana mpaka ofisi ya mkuu wa elimu. Wazazi nao wakakutana, wakamwendea wakili Arthur Gochman. Wao wakiamini pesa zinaliwa na wakubwa wa skuli. Wakili akawaambia: anayedaiwa si huyo.

Hapa soma polepole, maana ndipo ilipo kesi yote. Kule skuli za serikali hutegemea sana kodi ya ardhi na nyumba za wilaya yenyewe. Edgewood mali ya kutozwa kodi ilikuwa dola 5,960 tu kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, kwa matajiri wa jirani, ilipita dola 49,000. Sasa ona ajabu: maskini ndio waliojitoza kodi kali zaidi, dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali, na matajiri senti 85. Baada ya kutoa mchango wa mfuko wa jimbo, kodi ya Edgewood ilibakisha dola 26 kwa mwanafunzi, na Alamo Heights dola 333. Hata ukijumlisha pesa za jimbo na za serikali kuu, Edgewood walipata 356, wenzao 594. Yaani unakamuliwa zaidi na bado unapata kidogo!

Julai 1968 wakafungua kesi, jina la Rodriguez likiwa mbele. Desemba 1971 majaji watatu wakawapa haki. Texas ikakata rufaa, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawanyima, majaji 5 kwa 4. Jaji Lewis Powell aliandika kwamba elimu ni muhimu, lakini katiba ya nchi haikuitaja kuwa haki.

Jaji Thurgood Marshall alipinga, tena kwa kirefu. Huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1960 ndiye aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu haki za raia, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Na leo hoja ya Powell hapa kwetu haisimami, kwani kifungu cha 53 cha katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini kuandikwa ni jambo moja, pesa kufika darasani ni jingine. Muulize mamako hela za karatasi za mtihani zilikuwa zikitoka wapi.

Rodriguez hakukaa kitako. Mwaka 1984 wazazi walirudi kortini, safari hii mahakama za Texas, kwa sababu katiba ya jimbo elimu imeitaja. Tarehe 2 Oktoba 1989 majaji wote 9 wa mahakama ya juu ya jimbo wakakubaliana nao. Bunge likajikokota, sheria zake za mwanzo zikatupwa na mahakama, hadi 1993 ikapita sheria ya kuchukua sehemu ya kodi za wilaya tajiri.

Wakati huo watoto wa kesi ya kwanza walikuwa watu wazima. Rodriguez alifariki 2013. Binti yake alisharudi Edgewood, akisomesha katika skuli zile zile.