Bustani ya Uani Mbaraki

Bustani ya uani ni kishamba cha mboga nyuma ya nyumba. Hapa Mbaraki, kisiwani Mombasa, chini ni mwamba wa matumbawe na udongo ni haba, kwa hivyo mimi hupanda katika magunia na madebe yaliyotobolewa, kwa udongo na samadi ya mbuzi. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4. Ukikata ukaacha kishina, huchipua tena. Adui ni chumvi ya visima vyetu: niliimwagia miche ya pilipili, ikaungua majani yote. Sasa naweka akiba maji ya kuoshea mchele. Ndugu zangu, anzeni na gunia moja. Pesa ya mboga ilipe ada ya chuo.