Urahisi wa Kuchagua na Urahisi wa Kutenda: Kiolesura cha Sintesaiza, 1964–2016

Swali la iwapo ala changamano za muziki zipewe kiolesura rahisi hujadiliwa mara nyingi kana kwamba urahisi ni wa aina moja tu. Makala haya yanatumia historia ya sintesaiza, yaani ala inayozalisha sauti kwa njia ya umeme, kuonesha kwamba upo urahisi wa namna mbili. Urahisi wa kutenda humwezesha mpigaji kubadili sauti kwa hatua chache. Urahisi wa kuchagua humpa sauti ambazo zimekwisha kuundwa na mtu mwingine. Hoja inayotetewa ni kwamba urahisi wa kuchagua, ukisimama peke yake, huhamisha mamlaka ya kuunda sauti kutoka kwa mwanamuziki kwenda kwa mtengenezaji.

Mfano wa urahisi wa kutenda ni Minimoog ya mwaka 1970. Sintesaiza ambazo Robert Moog alianza kuziunda mwaka 1964 zilikuwa na vipande vingi vilivyounganishwa kwa nyaya, na sauti mpya mara nyingi ilidai nyaya hizo zipangwe upya. Katika Minimoog, miunganisho ya msingi ilifungwa ndani ya ala moja kwa moja. Mpigaji akabaki na vitufe vya kuzungusha na swichi, kila kimoja na kazi yake. Uwezekano ulipungua, lakini uliobaki ulikuwa mkononi mwake. Hata hivyo, ala hiyo haikuwa na kumbukumbu: aliyetaka kuirudia sauti ya jana aliandika mahali pa kila kitufe kwenye karatasi. Kasoro hiyo ilipata jawabu mwaka 1978 katika Prophet-5 ya kampuni ya Sequential Circuits, ambayo mikroprosesa yake ilihifadhi sauti 40 bila kuondoa vitufe usoni pa ala. Hapo kuchagua na kutenda vilikaa pamoja.

Mwaka 1983 Yamaha DX7 ilivunja uwiano huo. Ilitumia mbinu ya kurekebisha masafa ya wimbi moja kwa wimbi jingine, ambayo John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Ndani yake mlikuwa na vyanzo 6 vya mawimbi, viitwavyo opereta, vilivyoweza kuunganishwa kwa mipangilio 32. Namna sauti ya kila opereta inavyopanda na kushuka ilitawaliwa na thamani 8, nne za kasi na nne za kiwango, yaani thamani 48 kwa opereta zote. Mpigaji aliita thamani moja kwa kubonyeza kitufe bapa, akaibadili kwa kitelezi kimoja, akaisoma katika skrini ndogo ya mistari miwili. Aidha, ugumu haukutokana na wingi pekee. Katika ala za awali, kufungua kichujio kuliing'arisha sauti kwa kadiri ambayo sikio liliitarajia. Katika DX7, badiliko dogo la uwiano wa masafa kati ya opereta mbili liliweza kuugeuza mlio wa kinanda kuwa wa kengele.

Kwa hiyo wapigaji wengi walitegemea sauti za kiwandani, ambazo baadhi yake ziliundwa na Dave Bristow na Gary Leuenberger. Piano ya umeme ya DX7 ikasikika katika nyimbo nyingi za mapenzi za muongo ule. Brian Eno alikuwa miongoni mwa wachache waliojulikana kwa kuingia ndani ya ala hiyo na kuunda sauti zao.

Haifuati kwamba kuchagua si ubunifu. Piano na ogani za Korg M1 ya mwaka 1988 zilikuwa sauti za kiwandani, lakini wanamuziki wa hausi walizifanya alama ya mtindo wao. Hata hivyo, hoja ya mamlaka inabaki: aliyechagua alikuwa huru ndani ya orodha iliyoandikwa na mwingine.

Yawezekana kudai kwamba tiba ilikuwa elimu, na kweli Chowning na Bristow walichapisha kitabu cha kuifafanua mbinu hiyo mwaka 1986. Lakini kitabu hueleza njia tu, hakiifupishi. Ushahidi wenye uzito zaidi ni Korg Volca FM ya mwaka 2016. Ala hiyo ndogo ina opereta 6 na mipangilio 32 ileile, na huweza kupokea sauti za DX7. Usoni pake, kitufe kimoja cha kuzungusha hubadili kwa pamoja opereta zote zenye kazi moja. Anayetaka kugusa thamani mojamoja bado anaifikia. Uchangamano ni uleule, lakini mlango umebadilika.

Hivyo basi, ala changamano inastahili kiolesura rahisi, kwa sharti kwamba wepesi huo uwe mwanzo wa njia ya kuingia ndani. Mtafiti wa historia ya ala hapaswi kuishia kuhesabu vitufe; apime umbali kati ya kuisikia sauti na kuweza kuibadili, na aulize ni nani aliyeuweka umbali huo.